Jicho la Kondoo wa Berdibek

THISARA: Haloo? ... Haloo, nani mwenzangu?

RAUSHAN: Nani tena, na namba unayo? Raushan.

THISARA: Dada Raushan, shikamoo. Ngoja kidogo nipande kwenye kiti, mtandao wa chumba hiki ni wa kuombewa dua. [Kiti kinaburuzwa.] Haya, nimetoa kichwa dirishani. Naona viatu vya wapita njia, na sauti yako naipata.

RAUSHAN: Marahaba. Umeamkaje, mdogo wangu?

THISARA: Mzima kabisa. Nililala fofofo. Yaani jana, dada, jana nilipiga kazi. Ulimwona yule mama mkwe alivyoning'ang'ania mkono? "Mhandisi Toni kutoka Dubai, mshirika wa Berdibek." Hata mimi nusura niamini.

RAUSHAN: Mm.

THISARA: Harusi ijayo lini? Maana ulisema kuna mtu wa Almaty anataka daktari wa—

RAUSHAN: Thisara. Umekaa?

THISARA: Si nimekwambia nimesimama juu ya kiti?

RAUSHAN: Basi shika dirisha.

[Mkwaruzo wa mtandao.]

THISARA: Nimeshika. Mbona sauti yako inatoka mbali hivyo, kama uko kisimani?

RAUSHAN: Nimeiweka simu kwenye spika. Mikono yote iko kwenye unga.

THISARA: Uko peke yako?

RAUSHAN: Niko jikoni.

THISARA: Sikukuuliza uko wapi.

RAUSHAN: Na mimi nimekujibu. Sasa nisikilize, na uchague maneno yako vizuri unaponijibu. Jana walipokuletea kile kichwa cha kondoo, mbele ya watu wote, wewe mgeni wa heshima... nilikufundisha nini?

THISARA: Ulinifundisha yote. Sikio mpe mtoto, apate kusikia la wakubwa. Nikampa mtoto. Kaakaa mpe msichana. Nikampa yule dada wa bwana harusi, akacheka, wakapiga picha. Safi.

RAUSHAN: Na macho?

THISARA: Macho... jicho moja ule mwenyewe. La pili mpe yule unayetaka kumwona mara kwa mara.

RAUSHAN: Ambaye ni nani?

THISARA: Ambaye... [Mkwaruzo.] Dada, unakatika-katika.

RAUSHAN: Sikatiki. Ni nani, Thisara?

THISARA: Berdibek.

RAUSHAN: Berdibek. Tulifanya mazoezi hapa hapa jikoni kwangu, na viazi viwili. Ukampa mume wangu Turar kiazi ukasema, "Ndugu yangu Berdibek, macho yangu na yako yakutane kila mwezi." Turar mpaka machozi yakamtoka.

THISARA: Lile lilikuwa zoezi zuri.

RAUSHAN: Berdibek anamwoza binti yake, wakwe zake ni watu wazito kuliko yeye, anataka waone kwamba mtu wa Dubai hawezi kukaa mwezi bila kumwona. Lile jicho ndilo alilolinunua. Nyama ile yote, muziki ule wote, yule mpiga dombra na nyuzi zake mbili, vilikuwa vya kulisindikiza jicho. Sasa niambie jicho lilikwenda wapi.

THISARA: Si ulikuwepo?

RAUSHAN: Mimi ndiye mshereheshaji, nilikuwepo na kipaza sauti mkononi. Nilishamtaja Berdibek jina, vigelegele vimeshaanza, naye kashanyoosha mikono kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Nikakuona unainuka na sahani, unampita Berdibek, unawapita wakwe, unazipita meza zote, unakwenda mlangoni.

THISARA: Kwa yule bibi.

RAUSHAN: Kwa yule... mama mheshimiwa, ndiyo.

THISARA: Yule bibi wa kilemba cheupe, mwenye macho ya askari wa mpakani. Alinikazia macho tangu supu mpaka chai. Nikajua huyu kanishtukia.

RAUSHAN: Zungumza kwa heshima.

THISARA: Heshima gani, kwani anatusikia? Pua ile, dada, pua inayonusa uongo toka kijiji cha pili—

[Kikombe kinatuliwa mezani kwa kishindo.]

THISARA: Nini hicho?

RAUSHAN: Paka.

THISARA: Paka anakunywa chai?

RAUSHAN: Paka wa siku hizi. Endelea. Au tuseme, usiendelee na pua. Unajua yule ni nani?

THISARA: Mtu wa mlangoni.

RAUSHAN: Ni Kulyash-apa, ndivyo wanavyomwita bibi wa heshima, shangazi wa Berdibek, dada wa baba yake mzazi. Ndiye mkubwa wa ukoo mzima aliyebaki hai. Na ukoo mzima jana umekumbuka, mbele ya wakwe, kwamba mkubwa wao alikuwa amewekwa pale panapoingia upepo na wanapopita watoto wa kumwaga maji. Umeelewa sasa ulichofanya?

THISARA: Nilitoa jicho.

RAUSHAN: Ulimvua nguo Berdibek ukumbini kwake. Mama wa bwana harusi kauliza, "Kumbe shangazi yako ni huyu? Mbona hukututambulisha?" Berdibek amenipigia alfajiri. Sitarudia maneno yake, kuna... kuna paka hapa. Kwa kifupi, malipo hakuna.

THISARA: Malipo si kitu, nitaishi. Lakini ile barua ya—

RAUSHAN: Na barua hakuna.

[Viatu vinapita juu.]

RAUSHAN: Thisara?

THISARA: Barua ya ajira?

RAUSHAN: Amesema usahau. Amesema hata mlinzi wa bohari lake la saruji hatakuandika.

THISARA: Dada, kibali changu kinakwisha Ijumaa.

RAUSHAN: Najua.

THISARA: Ijumaa hii. Bila mwajiri wa kugonga muhuri, natoka. Na nikitoka bila karatasi, mlango unafungwa nyuma yangu, sirudi tena. Alisema akishamwoza binti tu, anasaini. Aliapa. Alishika mkate akaapa.

RAUSHAN: Alishika mkate kabla hujalipeleka jicho mlangoni.

THISARA: Ndiyo maana begi langu lilikuwa halijafungwa. Nikajua safari hii nimepona.

RAUSHAN: Mdogo wangu...

THISARA: Hapana, niache niseme. Mimi nchi hii kazi gani sijafanya? Nilikuja kupika kwenye hoteli ya watu wa kuteleza kwenye theluji, theluji ikakataa kuanguka, hoteli ikafungwa. Nikafundisha watoto Kiingereza, mama zao wakalalamika wanaongea kwa lafudhi ya Matara. Sasa mimi ni wa Matara, nitawapa lafudhi ya wapi? Nikapika chakula cha Kihindi, na mimi si Mhindi, nilikuwa nafuata maelekezo kwenye simu kama wewe ungefanya.

RAUSHAN: Ile mbaazi ilikuwa tamu.

THISARA: Ilikuwa imeungua. Mwaka Mpya nikavaa ndevu za pamba nikawa Babu Baridi, yule mzee wa kugawia watoto zawadi. Mtoto akaniuliza, babu, mbona mweusi? Nikamwambia nimepitia kwa jua nikalisalimia. Alinielewa vizuri kuliko baba yake. Tabasamu langu liko kwenye bango la daktari wa meno mpaka leo, na jino lililokuwa linaniuma siku ile linaniuma hadi sasa. Tena na—

RAUSHAN: Na yoga.

THISARA: Yoga usinikumbushe.

RAUSHAN: Yule mke wa mkuu wa polisi alikaa na mguu shingoni mpaka fundi bomba akaja.

THISARA: Nilimwambia avute pumzi. Mimi kitu nilichokuwa nakijua kwenye yoga ni kuvuta pumzi. [Anacheka, kisha anaacha.] Halafu ndiyo nikawa mgeni wa kukodi. Daktari, profesa, mhandisi. Miaka mitatu, dada, katika nchi hii nimekuwa kila mtu.

RAUSHAN: Tulia. Nafikiri... Hebu ngoja. Kondoo ana macho mangapi?

THISARA: Mawili.

RAUSHAN: Moja ulimpa apa. La pili ulikula?

THISARA: La pili...

RAUSHAN: Thisara, lile la pili ulikula?

THISARA: Liliniangalia.

RAUSHAN: Lilikuangalia.

THISARA: Nilitaka kulila. Nililifikisha hapa, kwenye mdomo. Likaniangalia. Nikajifanya natafuna, nikalifunga kwenye leso, nikalitia mfukoni.

RAUSHAN: Mungu wangu, mtoto huyu ana bahati. Basi bado tunaweza. Vaa haraka, chukua jicho, tukutane bohari kwa Berdibek. Utamwambia, ndugu yangu, lile la kwanza nilimpa mkubwa wa ukoo kama adabu inavyotaka, hili la kwako nililificha karibu na moyo, sikutaka kukupa mbele ya macho ya hasidi. Atalia. Namjua, anapenda maneno. Atasaini hata mgongoni mwa—

[Mtu anakohoa, kikohozi kikavu.]

RAUSHAN: ... Au tusiende. Nilikuwa nawaza tu.

THISARA: Huyo paka ana kifua?

RAUSHAN: Baridi imemwingia. Jicho liko wapi?

THISARA: Mfukoni.

RAUSHAN: Mfuko wa nini?

THISARA: Wa koti.

RAUSHAN: Koti gani? Si koti la mume wangu nililokuazima, ukanirudishia jana usiku pale mlangoni?

THISARA: Hilo. Mfuko wa ndani, upande wa kushoto.

[Unga unaacha kupigwa.]

RAUSHAN: Turar kalivaa leo. Kaenda kikao cha wazazi, shuleni kwa mtoto.

THISARA: Huwa anatia mkono mfukoni?

RAUSHAN: Akisimama kuongea mbele za watu, mikono yake haina pengine pa kukaa.

THISARA: Samahani, dada.

RAUSHAN: Ya Turar tuyaache, yatakuja yenyewe. Sasa kuna swali moja. Si langu. Yaani ni langu, lakini nalitaka kwa ukweli, na huwezi kujua, huenda ukweli leo ukakufaa kuliko Toni wa Dubai. Kwa nini ulimpa yule apa jicho?

THISARA: Si nimeshasema? Alinikazia macho, nikaona nimzibe mdomo kabla hajasema mimi ni tapeli.

RAUSHAN: Hiyo ndiyo sababu?

THISARA: Ndiyo.

RAUSHAN: Thisara.

THISARA: Mtandao unakwaruza.

RAUSHAN: Unakwaruza kila ninapokuuliza jambo la maana. Njia ya mwongo fupi, mdogo wangu, na yako imebaki mpaka Ijumaa. Sema.

[Gari linapita. Mkwaruzo unapungua.]

THISARA: Walimhamisha.

RAUSHAN: Nani?

THISARA: Yule bibi. Wewe ulikuwa unatangaza, hukuona. Kwanza alikuwa ameketi meza ya pili. Akaja kijana wa Berdibek, akamnong'oneza, akainuka. Akakaa meza ya katikati. Wakaja wageni wengine wa wakwe, akainuliwa tena. Akaenda mlangoni. Hakugomba. Alikaa na pochi yake magotini, ameishika kwa mikono miwili, hakuiweka chini hata alipoletewa nyama.

RAUSHAN: Mm.

THISARA: Mama yangu hukaa vile.

RAUSHAN: Wapi?

THISARA: Kwenye harusi za binamu zetu wenye uwezo. Anachagua mwenyewe kiti cha mlangoni, pochi magotini. Nilikuwa mdogo, nikamuuliza, mama, mbona huweki pochi chini ule vizuri? Akaniambia, akija mtu mkubwa kuliko mimi, niinuke kabla sijaambiwa. Ndiyo hivyo tu. Jana nimeshika lile jicho, nimeambiwa nimpe ninayetaka kumwona mara kwa mara. Berdibek kanyoosha mikono. Nikaangalia kule mlangoni. Miguu ikaenda, dada. Mimi sikuituma.

[Kikombe kinawekwa chini, taratibu.]

RAUSHAN: Mama yako hujamwona tangu lini?

THISARA: Tangu nije. Nikienda, sirudi, na nisiporudi, mdogo wangu anaacha chuo cha uuguzi. Kila Jumapili mama ananiuliza, utakuja lini nikuone? Namwambia, mwezi ujao. Amechoka kuuliza, siku hizi ananiambia yeye mwenyewe. "Mwezi ujao, eh?" Halafu tunazungumza habari za paa linalovuja. ... Haya, nimesema. Ukamwambie Berdibek nasikitika. Na yule bibi, ukikutana naye, mwambie pia nasikitika. Nimemgombanisha na jamaa zake kwa jambo lisilomhusu.

RAUSHAN: Mwambie mwenyewe.

THISARA: Nitampata wapi?

KULYASH: Hapa. Mimi ndiye paka.

[Kishindo. Kiti kinaanguka.]

RAUSHAN: Thisara? Uko hai?

THISARA: [Kwa mbali.] Niko sakafuni.

RAUSHAN: Panda tena, apa hapendi kungojwa.

THISARA: Tangu saa ngapi yuko hapo?

KULYASH: Tangu kabla hujatoa kichwa dirishani. Nilimwambia huyu, mpigie, muulize kwa nini, na usimwambie nipo. Mtu akijua anasikilizwa anaongea kama Berdibek. Umepanda?

THISARA: Nimepanda, apa. Shikamoo, apa. Ile habari ya pua—

KULYASH: Pua ni ya baba yangu, iliwahi kunusa wezi wa farasi. Achana nayo. Nina maneno machache, na salio ni la Raushan, naye kila dakika anaiangalia simu kama inamla nyama. Kwanza, kuhusu pochi umekosea.

THISARA: Nimekosea?

KULYASH: Mimi simpishi mtu. Jana niliinuliwa, sikuinuka, na Berdibek atanieleza. Kama amesahau nani alikuwa akimfuta pua, nitamkumbusha mbele ya hao wakwe. Pochi naishika kwa sababu ndani yake kuna muhuri.

THISARA: Muhuri gani?

KULYASH: Wa Ushirika wa Mazulia ya Sufu wa Tasbulak. Mwenyekiti ni mimi. Siwezi kuuacha nyumbani, katibu wangu ana mkono mwepesi, angeweza kujiuzia kijiji kizima kabla ya chai. Nalala nao.

RAUSHAN: Analala nao kweli.

KULYASH: Wewe piga unga. Thisara ndilo jina lako, eh? Si Toni.

THISARA: Thisara, apa.

KULYASH: Watalii wanakuja kwetu kuangalia maziwa ya mlimani. Wanaingia kwenye ushirika, wanapiga picha mazulia, wanasema neno lao, sisi tunasema letu, tunachekeana mpaka mashavu yanauma, wanaondoka. Zulia linabaki. Wewe lugha yao unaijua?

THISARA: Naijua. Kwa lafudhi ya Matara.

KULYASH: Mazulia hayajui lafudhi. Lakini sikiliza, hutakuwa mhandisi. Hutakuwa wa Dubai. Asubuhi utakanyaga sufu na akina mama, na maji yake ni ya moto, na wana midomo kuliko mimi. Mchana utaongea na wageni. Utaitwa Thisara, mtu wa Matara. Utaweza kuwa huyo siku nzima?

THISARA: Sijawahi kujaribu nikiwa huku, apa.

KULYASH: Jibu zuri. Ungesema utaweza, ningekata simu. Muhuri unatosha kwa barua ya ajira?

RAUSHAN: Unatosha, apa. Ushirika umesajiliwa.

THISARA: Apa, lakini... kwa nini? Mimi ni tapeli. Umesikia mwenyewe, nimekiri yote mbele yako.

KULYASH: Mwanangu Serik yuko Korea. Yuko kiwanda cha magari, anafunga milango. Kutwa nzima milango. Alikwenda kwa mwaka mmoja. Na yeye ananiambia mwezi ujao.

THISARA: Mwezi ujao.

KULYASH: Kila harusi nikiona kichwa kimeingia, lile jicho najua halinihusu. Anayetaka kuniona mara kwa mara yuko kwenye milango ya watu. Mimi nakula nyama yangu, nakunywa chai yangu, narudi. Jana nakuona unakuja na sahani, nikasema huyu kapotea njia, anatafuta choo. Nikaangalia nyuma yangu nimwone unayemwendea. Nyuma yangu kulikuwa na mlango.

[Anapiga funda la chai.]

KULYASH: Tena jicho lenyewe lilikuwa limepoa. Nimelila hivyo hivyo. Kwa hiyo usiniulize kwa nini. Kwetu, aliyetoa jicho ameahidi, na ahadi ni deni. Unakuja kuniona, au ulikuwa unacheza?

THISARA: Nakuja, apa.

KULYASH: Lori la sufu linaondoka mchana kutoka hapa kwa Raushan. Utakaa nyuma, juu ya magunia, ni laini. Vaa soksi mbili. Koti la watu usivae.

RAUSHAN: Salio linalia, apa.

KULYASH: Liache lilie. Jambo la mwisho. Muhuri ukishagonga, karatasi ikatoka, mtu anaruhusiwa kutoka nje na kurudi?

RAUSHAN: Anaruhusiwa. Hiyo ndiyo kazi ya karatasi.

THISARA: Kutoka na kurudi?

KULYASH: Majira ya baridi watalii hakuna, na sufu inalala. Sina kazi na wewe. Sasa nijibu mwenyewe, asikusaidie mtu. Kondoo yule alikuwa na macho mawili. La kwanza nimelila mimi. La pili ni la nani?

[Mtandao umetulia kabisa.]

THISARA: La mama.

KULYASH: Haya.

THISARA: [Sauti imebadilika.] Apa, mimi sijui niseme—

KULYASH: Usiseme. Funga begi. Na Jumapili akikuambia "mwezi ujao," usimkubalie. Mwambie, baada ya sufu.

RAUSHAN: Dakika imebaki moja. Thisara, njoo na ile sufuria yangu, na ufunguo mwachie mwenye nyumba, na— ngoja, mlango huo. Turar karudi.

THISARA: Mapema hivi?

RAUSHAN: Kasimama hapo kizingitini, hasemi. Amenyoosha mkono, ameshika leso kwa vidole viwili. Uso wake... Thisara, huyu ameshaongea mbele ya walimu.

THISARA: Mwambie samahani. Mwambie nitalifua koti. Mwambie—

RAUSHAN: Turar, mume wangu, nitakueleza, kaa kwanza. Unakwenda wapi? Hapana. Si kwenye ndoo. Turar, usitupe. Usilitupe hilo, nasema, ni la mama yake—

[Simu inakatika.]